Gazeti Lililobandikwa Kichwa Chini

Tuliporudi nyumbani kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, baba alibeba gazeti lenye fumbo la maneno ambalo hakuwa amelimaliza. Lilibaki neno moja tu: "Unganisha kitu na kingine," herufi saba. Ya tano ni I, ya mwisho ni A. Majibu yalikuwa yatoke wiki inayofuata, na wiki inayofuata sisi tulikuwa Gitega, ambako gazeti hilo halifiki.

Mama alisema ni bandika, kwa gundi. Mimi nikasema pachika. Baba akang'ang'ania shikiza, kama kifungo kwenye shati. Yote matatu yanaingia. Tulibishana msimu mzima wa maharage.

Baba mkubwa, kaka yake baba ambaye hakukimbia vita, alitupa chumba kwake, mtaa wa Magarama. Kuta zilikuwa za udongo, vumbi likidondokea sahani. Kambini kila nyumba ilibandika magazeti ukutani kwa uji wa muhogo, na mama akataka kubandika hapa pia yale tuliyofungia vyombo. Baba akakataa. Eti tunahamia Muyinga, karibu na mpaka, mambo yakiharibika tuvuke tena. Mabegi hayakufunguliwa. Mimi nilikuwa nimechoka kuhama, na kusema kweli nilimchukia kidogo.

Ndugu hao wawili walisalimiana asubuhi na jioni, basi. Mmoja alikimbia, mwingine alibaki, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Siku moja tulitoka sokoni tukakuta ukuta umebandikwa wote. Baba mkubwa alikuwa amepika uji mwenyewe, akamaliza magazeti yetu yote, na lile la fumbo pia. Kiswahili alikijua cha sokoni, kusoma hakusoma. Kila ukurasa ulikuwa kichwa chini.

Mama alinishika mkono. Tulijua baba akimcheka kaka yake tu, au akimfokea, watagombana na kesho tuko njiani. Baba alisogea hadi lilipo lile fumbo. Kisha akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia bega, akatoa penseli, akaandika kwa shida: BANDIKA. Halafu akafungua begi, akatoa shati lake, akalitundika kwenye msumari.

Aliusoma ukuta ule miaka yote akiwa amepinda shingo, na kaka yake hakumwambia neno.

Aliyehamia Muyinga mwishowe ni mimi, kwa ndoa. Nilirudi kumzika baba. Baada ya mazishi baba mkubwa aliniita kwenye kile chumba.

"Bon, mi nilijua iko kichwa chini," alisema. "Jirani aliniambia siku ile ile. Nilitaka kubandua. Lakini nikaona baba yako anasoma, shingo iko hivi, na shati iko kwa msumari. Nikaogopa. Nikigusa hii karatasi, ataenda tena."

Nililia hapo, ndiyo mara ya kwanza tangu msiba.

Kona moja ya gazeti ilikuwa imebanduka. Tulipika uji wa muhogo, tukaibandika tena, kichwa chini vile vile.