Spika za Mwanaheri

Mnunuzi wa korosho alipouliza ni nani aliyezitengeneza zile spika za vyungu, Fundi Jamali alijibu bila kumeza mate, na mkewe Mwanaheri amesimama palepale na sinia la chai mkononi.

"Mwenyewe, bosi. Kichwa hiki hiki."

Mwanaheri alimimina chai, akamkaribisha mgeni, akarudi uani kuchambua mchicha. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, Nachingwea. Alichambua mchicha ule mpaka ukabaki majani manne.

Mwanaheri alikuwa mfinyanzi. Alizaliwa Chiola, akafundishwa udongo na bibi yake mzaa mama, na alipoolewa na fundi redio wa mjini hakuuacha. Hakuwa mtu wa kumuuzia mteja chungu kabla hajakigonga kwa kifundo cha kidole na kukisikiliza. "Hiki kimeiva, chukua. Kile kina ufa, utanilaumu bure." Wateja walikigeuza chungu juu chini, hawaoni mstari, wanamcheka. Atakayelazimisha kukinunua, kinampasukia jikoni na maharage ndani. Baada ya wawili watatu kumwaga maharage, watu waliacha kucheka.

Jamali naye, tusimnyime haki yake, alikuwa na mikono. Redio iliyolala miaka miwili aliiamsha kwa kipande cha waya. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, kutamani vya wakubwa. Alikwenda Mtwara kutafuta vipuri, akaingia sebuleni kwa tajiri mmoja, akaonyeshwa video ambayo mvua yake ilisikika ikinyesha nyuma ya kochi. Alirudi nyumbani kama mtu aliyetoka kuhiji.

"Mama Zuleha, mvua! Nikageuka kutazama dirishani. Jua kali!"

"Na ulilowa?"

"Cheka tu. Nitaileta kwenye nyumba hii hii, na hela ya tajiri sina."

Akaanza kuokota. Amplifaya aliitoa kwenye redio kubwa iliyoungua, deki ikawa ya mtumba, spika nne zilitoka kwenye magari mabovu, na moja pana kama ungo wa mtoto ilitoka kwenye gari la matangazo. Fundi mwenzake wa Masasi alimpa ujanja wa spika za nyuma. Hizo hazifungwi kwenye hasi ya amplifaya hata kidogo. Zinashikamana zenyewe, kutoka chanya ya kulia hadi chanya ya kushoto, kwa hiyo zinatoa kile tu ambacho upande mmoja unacho na mwingine hauna. Maneno ya watu yanabaki mbele kwenye kioo. Mvua, mwangwi na makelele ya sokoni vinahamia mgongoni mwako. Hiyo ilikuwa kazi yake Jamali, na hakuna aliyemnyang'anya.

Lakini spika bila sanduku ni mdomo bila kifua. Seremala alitaja bei ya mbao, Jamali akaaga. Akazifunga kwenye makasha ya karatasi, zikalia kama nzi ndani ya kopo. Wiki nzima alikaa mbele ya makasha yale amekunja uso, hata kula hali vizuri. Ndipo Mwanaheri, aliyekuwa akipita na maji, alisema, "Hizo zinataka vyungu."

"Vyungu? Nizipike?"

"Ukiuinamia mtungi mtupu ukaimba, sauti yako inakuwaje?"

Jamali aliinama kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akaimba. Aliponyanyuka, alianza kuzichomoa spika kwenye makasha.

Kazi ile ilikula kiangazi kizima. Mwanaheri alifuata udongo mweusi bondeni kwao Chiola, akatwanga vigae vya zamani akachanganya. Alipima kila spika kwa kamba, akafinyanga mdomo wa chungu kwa kipimo kile kile. Ukakauka, ukachomwa, ukanywea kidole kizima, spika ikakaa juu kama kofia ya kuazima. Akafinyanga tena, mdomo mpana zaidi. Na hilo la mdomo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba vile vyungu vyake vizuri kabisa, vilivyolia kama kengele, ndivyo vilivyoharibu kila kitu, maana chungu kinachopenda kuimba kinaimba juu ya wimbo wa mwenzake. Miaka ishirini mikono yake ilikuwa ikitafuta chungu kinacholia. Sasa ilibidi ajifunze kufinyanga chungu kinachonyamaza. Akanenepesha kuta, akaongeza mchanga, akavijaza vyungu sufi tumboni, midomo akaiziba kwa nta ya nyuki. Vyungu kumi na moja alivivunja kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kupata vitano.

Kisha alikaa kwenye kigoda katikati ya sebule, amefumba macho, Jamali anahamisha.

"Sogeza. Hapana, rudisha. Hizo za nyuma zipandishe juu ya masikio, zisinipigie kelele kisogoni. Hapo. Hapo usiguse."

Jumapili alasiri umeme ulipokuwapo, majirani walialikwa. Mvua ikanyesha kwenye picha. Moza, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliruka kutoka mkekani na kupiga kelele, "Makopa yangu!" akakimbia nje kuanua mihogo aliyoianika. Aliikuta inakauka kwenye jua. Watu walicheka hadi wakashikana. Mwanaheri hakucheka sana. Alikuwa akimtazama Moza jinsi alivyokimbia, na moyo wake ulijaa kama siku alipojifungua Zuleha.

Habari zikasambaa. Ndipo akaja yule mnunuzi wa korosho, na baada yake wengine kutoka Masasi na Nambilanje, kila mmoja akitaka za kwake. Mwanaheri alifinyanga, Jamali alifunga waya, na watu waliziita "spika za Jamali". Mwanaheri alivumilia mwaka. Siku moja wakiwa wanakula alisema, "Baba Zuleha, ungetaja tu kwamba vyungu ni vya mkeo. Hutapungukiwa."

Jamali alimaliza tonge lake kwanza. "Watu wakijua ni kazi ya mwanamke, watasema ni vyungu. Wakijua ni kazi ya fundi, watasema ni spika. Unataka tuuze nini?"

Jibu hilo lilikuwa na akili, na akili yake ndiyo iliyomuuma Mwanaheri.

Mwaka elfu mbili na tatu Jamali aliposa Ruangwa, akaoa, na miezi michache baadaye akamwandikia Mwanaheri talaka. Mtambo wa sebuleni ukawa maneno. Jamali aliutaka kwa ajili ya banda la video alilofungua kule. Wazee watatu walikutana kwenye baraza ya Mzee Adinani, na mjomba wa Mwanaheri, Bashiri, alitoka Chiola kwa baiskeli kuja kumsemea mpwa wake, kama ilivyo desturi yetu.

"Waya na spika ni vya nani?" Mzee Adinani aliuliza.

"Vya fundi," wenzake wawili walijibu.

"Na vyungu?"

"Vya mwanamke."

"Sasa kesi iko wapi? Kila mtu abebe chake."

Mjomba Bashiri alisimama. "Wazee wangu, mtoto ana baba na mama. Nani humkata katikati ili kila mtu abebe chake?"

"Bashiri, hapa hatujaletewa mtoto. Tumeletewa redio." Watu wakacheka.

Mwanaheri aliomba kusema mwenyewe. "Spika sizitaki. Aseme tu hapa mbele yenu kwamba kazi ile tuliifanya wawili. Akisema, avichukue vyote, na vyungu nampa."

Ilikuwa sentensi moja tu aliyoitaka. Macho yote yalimgeukia Jamali. Naye akacheka kidogo, cheko la mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Wazee, mimi ni fundi. Huyu alinifinyangia vyombo kama anavyowafinyangia ninyi nyote. Sasa aliyesuka kamba ya ndoo naye aseme amechimba kisima?"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mzee Adinani alijifuta machozi. Mambo yakaishia hapo.

Jamali alikuja na bisibisi siku ile ile. Alibandua nta, akachomoa spika moja moja, sufi ikapeperuka uani kama manyoya ya kuku aliyekamatwa na mwewe. Mwanaheri alibaki na vyungu vitano, kila kimoja na tundu la waya kitakoni.

Moza alichungulia juu ya ua. "Shoga yangu, vyote vimetoboka! Utapikia nini, upepo?"

"Nitakuanikia makopa," Mwanaheri alijibu, na Moza akaondoka haraka.

Mwanaheri alikwenda Ruangwa mwaka uliofuata, kwenye arusi ya mtoto wa dada yake. Banda la Jamali lilikuwa karibu na soko. Angeweza kulipita tu. Alilipa kiingilio kama mtu yeyote, akaketi benchi la nyuma, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi.

Spika zilikuwa kwenye masanduku ya plaiwudi yaliyopakwa rangi nyeusi, yanang'aa kama viatu vya bwana arusi. Na sauti ilikuwa imepotea njia. Mtu kwenye kioo anafumbua mdomo, maneno yanatokea ukutani. Besi imekonda kama imeugua. Mwanaheri hakuhitaji muda, sauti ya kosa lile aliijua tangu siku za kigoda. Spika ya mbele ya kulia ilikuwa imefungwa waya kinyume, chanya kwenye hasi. Mwenzake akisukuma, yeye anavuta, na kila kizuri kinafia katikati. Kugeuza waya mbili tu. Muda wa kumenya embe.

Aliwatazama watu. Asijidanganye, alikuwa amengoja mwaka mzima kumsikia mtu hata mmoja akisema kwamba hizi si kama zile. Watu walikuwa wakitafuna karanga. Mvua ikanyesha kwenye picha, ikanyesha hovyo, huku na huku, hakuna aliyegeuza shingo. Kijana mmoja akampiga mwenzake begani, "Jamali noma, oya! Muziki mnene!" Na wote wakapiga makofi.

Hilo lilimuuma kuliko talaka.

Picha ilipokwisha, watu wakitoka, Jamali alimwona. Alisogea kwa aibu, amezeeka kidogo, bisibisi kwenye mfuko wa shati. Alitazama mlangoni, ambako wanaume watatu walikuwa bado wakiongea, akashusha sauti.

"Mama Zuleha. Kuna kitu hakijakaa. Nasikia hakijakaa, lakini sikijui. Mwezi mzima nafungua, nafunga. Wewe umesikiaje?"

Mwanaheri aliirudisha kanga mabegani. "Waite wale pale mlangoni. Waambie zile za Nachingwea tulizitengeneza wawili. Ukimaliza nitakuambia, na waya nitakushikia."

"Ah! Mambo ya zamani hayo, Mama Zuleha. Watanionaje?"

"Haya."

"Haya nini? Niambie basi."

Spika ile ya kulia ilikuwa hatua tatu kutoka aliposimama. Waya zake zilining'inia nyuma ya sanduku, nyekundu na nyeusi, wazi kabisa.

"Iko sawasawa, fundi," alisema. "Usiiguse."

"Kweli?"

"Kweli."

Jamali alipumua, uso ukamlegea. "Nilijua. Ni masikio yangu tu yamechoka."

Mwanaheri alitoka kwenye jua la saa kumi. Njia nzima hadi kwenye arusi alijiambia kwamba amemkomoa. Alijiambia hivyo mara tatu, nne. Na kila mara ile sauti ilimrudia, ikitokea ukutani, na vidole vyake ndani ya kanga vilikuwa vikizitafuta zile waya mbili.