Bendi Mbili na Somo ya Mama

Mama yangu alitulea kwa sheria moja: ukiitwa, itika. Si "nini?" wala "nakuja", useme "abee," na useme mara ya kwanza. Hata leo, nikiwa mtu mzima na mvi zangu, nikichelewa kuitika natupiwa jicho.

Basi mdogo wangu wa kiume, anayeishi Kanada, alipopata binti, akampa jina la mama, kama desturi yetu. Mama akawa na somo, mtu wa jina lake. Ubatizo ukapangwa Jumapili, nasi tungeutazama kwa simu ya video. Kwenye simu mama haoni kitu, macho yamechoka. Alichotaka ni kusikia jina lake likiitwa kanisani kule, na kumwona huyo somo vizuri. Kwa hiyo nikafufua laptopu yangu ya zamani yenye kioo kikubwa, tukaifunga ndani ya leso, mimi na mama tukatoka kwetu Shika Adabu kwenda Likoni kutafuta ruta ya kutupa intaneti.

Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mchangamfu kupita kiasi.

"Shikamoo, mama. Hii hapa ni moto! Antena sita, ulinzi mpya kabisa, bendi mbili."

"Marahaba, mwanangu. Bendi mbili za nini? Kwani kuna harusi?"

Nilicheka hadi nikashika meza. Kijana akaeleza kwamba bendi ni mawimbi: moja ina kasi lakini haifiki mbali, nyingine ni ya polepole lakini inapenya kuta. Antena zile zilikuwa zimeshanivuta, lakini sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikafungua leso, nikaomba tuijaribu palepale.

Simu ya kijana ilinasa mara moja. Laptopu yetu ikazunguka, ikazunguka, ikakataa. Kijana akabonyeza hiki na kile, kisha akakiri kuwa ruta ile ilidai ulinzi wa kisasa ambao mashine yetu haikuujua.

"Inaitwa, haiitiki," mama akasema, akiitazama laptopu kama alivyokuwa akinitazama mimi. "Nani aliilea hii?"

Nilipandwa na hasira, maana aliyeilea ni mimi. Nikamwambia kijana aweke pembeni madoido yake, atupe ruta inayokubali ulinzi wa zamani pia. Akatoa kitu kidogo, antena mbili, sura ya kawaida tu. Laptopu ikazunguka kidogo, ikanasa ile bendi ya polepole. Mama akapiga makofi dukani.

Nyumbani tuligombana. Ruta niliiweka juu ya kabati, na kila nikigeuka nilikuta mama ameifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, eti isipate vumbi. Nilikitoa, akakirudisha. Mwishowe nilimwachia, kwa kuwa mawimbi yalipita vilevile, na ukweli ni kwamba ilipendeza.

Jumapili, jua likianza kupoa, mama alikaa mbele ya laptopu amevaa gauni la kanisani na viatu. Picha ilikwama mara mbili, roho yangu ikaruka mara mbili. Kisha tukamwona mtoto, mweupe kwa vazi lake, amelala. Mama akanishika mkono akaukaza.

Padri akainua maji, akaita jina. Alilitamka vibaya, kama mtu mwenye ugali mdomoni. Mimi mwenyewe nilichelewa kulitambua.

"Abee!" mama akaitika, kwa sauti yake yote.

Nilikuwa nimesahau kuzima maikrofoni. Huko Kanada watu wakageuka, na uso wa mdogo wangu ukajaa kioo, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama," akanong'ona, "si wewe uliyeitwa."

"Najua. Namwitikia somo yangu. Yeye bado hajui kusema."