Barua Iliyopitia kwa Mshtakiwa

Kaimu mwalimu mkuu ni mtu anayefanya kazi yote mpaka siku kazi hiyo itakapopata mwenyewe. Nilikuwa kaimu kwa mihula mitatu katika shule ya msingi isiyo mbali na Tulia, wilayani Kitui, mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya mzee aliyetuongoza kustaafu. Kabla ya hapo nilikuwa naibu wake kwa miaka tisa. Niliandikisha watahiniwa, nikatafuta punda wa kubeba maji kisima kilipokauka, nikaonja muthokoi wa watoto, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kabla haujapakuliwa. Nilikitaka cheo kile, na sioni haya kusema hivyo.

Kamati ya shule ikaniita ofisini. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukohoa kabla ya kusema ili tujue kwamba neno zito linakuja.

"Mwalimu, kazi umefanya, hatukatai. Lakini wazee wakiitwa mkutano hapa shule, wewe utakaa wapi?"

"Kwa kiti," nikajibu.

Hakuna aliyecheka. Wiki mbili baadaye tukaletewa mwanamume aliyekuwa amefundisha miaka sita tu. Sifa pekee niliyomwona nayo ni kwamba kukaa alikujua kweli. Alikaa na wazee, akakaa na mwenyekiti, akakaa ofisini mlango umefungwa, nami nikaendelea kutafuta punda.

Nikaamua kushtaki. Enzi zile barua yoyote ya mwalimu kwenda wilayani ilipaswa kupitia kwa mwalimu mkuu, aigonge muhuri na kuandika maoni yake chini. Mimi mwenyewe niliwahi kuwarudishia walimu barua zao kwa kukosa muhuri huo. Basi nikaandika kurasa mbili, kwamba nimenyimwa cheo kwa sababu ni mwanamke, na kwamba aliyepewa hajui hata kujumlisha daftari la mahudhurio. Juu yake nikaandika "Kupitia kwa Mwalimu Mkuu", nikampelekea kwa mikono yangu miwili. Nilijiona mtu wa utaratibu. Mjinga mkubwa mimi!

Aliisoma yote akiwa amesimama.

"Sawa, Madam," akasema, akatabasamu.

Kesho yake akaniambia nirudishe ufunguo wa stoo. Jumatatu nikapewa darasa la kwanza, watoto ambao hata vifungo vya shati vinawashinda. Walimu niliokuwa nikinywa nao chai wakaanza kuinywa nje, juani, ili wasionekane nami. Mashujaa hao! Muhula ukaisha bila jibu kutoka wilayani.

Nikaenda Kitui mjini. Afisa wa elimu, mtu mnene mwenye adabu zake, alitoa faili langu na kunionyesha barua yangu. Chini yake, kwa mwandiko mzuri ajabu, mwalimu mkuu alikuwa ameandika kwamba mwalimu huyu ana uchungu wa moyo, haongozeki, na anapendekeza ahamishwe.

"Lakini huyu ndiye ninayemshtaki," nikasema.

Afisa akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia.

"Sasa Madam, ulitaka ipitie kwa nani?"

Mashtaka yangu yalikaa muhula mzima. Uhamisho wangu ulichukua siku nne. Nilipelekwa shule moja mbali, ng'ambo ya Zombe, nikiwa mwalimu wa darasa tu, hata unaibu nimevuliwa. Mwalimu mkuu alinisomea barua ya uhamisho mbele ya walimu wote, polepole, akitua kwenye kila mkato. Kisha akaikunja.

"Na Madam, kabla uende, utuachie ratiba ya masomo ya mwaka ujao. Hiyo kitu inasumbua sana."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Walimu wakatazama vikombe vyao. Maneno nilikuwa nayo, tena ya kumtosha yeye na mwenyekiti wake na kikohozi chake. Lakini nikawaza maoni mengine chini ya barua nyingine, na mahali pabaya kuliko huko ninakokwenda, nikaogopa. Nikaomba rula na kalamu nyekundu. Nikaketi mchana kutwa nikamtengenezea ratiba ya madarasa yote saba, bila kipindi hata kimoja kugongana na kingine.