Bwana Keshokutwa na Wale Sita wa Mwaloni

Odoyo anachora mabango hapa Mkuyuni, mlango wa pili kutoka kwenye steshenari yangu. Ukiona kinyozi ana picha ya kichwa kilichonyolewa vizuri kuliko anavyonyoa yeye mwenyewe, ujue ni mkono wa Odoyo. Kwao ni Shirati, ana miaka thelathini na minne, na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kimepinda tangu utotoni. Ana sharti moja: hachori sura ambayo hajaiona kwa macho yake.

Sharti hilo ndilo lililomponza alipoanza kutunga kitabu cha katuni. Kila mwezi aliniletea kurasa nane nimtolee kopi, nikawa msomaji wake wa kwanza. Mashujaa wake walikuwa sita, waliitwa Ngao ya Ziwa, na walipaa na majoho yao juu ya mawe ya Mwanza wakiwasaka wavuvi haramu. Adui yao, Bwana Keshokutwa, alikuwa mzee mwenye mvi aliyekuja kutoka mwaka 2071 kwa mashine aliyoiunda kwa injini ya boti. Alikuja kuwaangamiza, lakini toleo baada ya toleo alikaa tu juu ya jiwe akiwatazama, amekunja uso kama mtu aliyefunua ndoo ya dagaa waliooza. Wasomaji walilalamika, adui gani huyu asiyepigana.

Mashujaa watano niliwatambua mara moja. Ni kamati ya mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na anayewaongoza ni mwenyekiti Ngosha na kitambi chake, ambacho hata joho lilishindwa kukifunika. Ngosha alifurahi kupita kiasi. Alikuja kuchukua nakala za kugawia wageni, akawa anajisoma kwa sauti hapo kaunta, na mimi nikageukia mashine nisiyaone meno yake. Watu hao wananichefua.

Mwaka jana walifanya siku ya kuchoma nyavu haramu, na waandishi wakaja na kamera. Asubuhi ile walimnyang'anya mvuvi mmoja, mzee Ndalahwa, nyavu zake za macho mapana, halali kabisa, wakidai zinamaliza samaki wachanga. Wakasema wamezichoma na zile nyingine. Watu walinong'ona kwamba nyavu zile zinavua hadi leo kwenye mtumbwi wa Ngosha, lakini hakuna aliyejitokeza kusema ameona. Ndalahwa akafukuzwa mwaloni kwa jina la mvuvi haramu, na sasa anaponda kokoto Igoma. Angepatikana shahidi mmoja tu, angerudi ziwani.

Shujaa wa sita sikumtilia maanani. Kila mara alikuwa pembeni, ameshika bango lililomfunika uso.

Mwezi uliopita Odoyo aliniletea toleo la mwisho. Lilionyesha siku ile ya kuchoma nyavu. Nyuma ya bango wanaume wawili wanasokomeza nyavu za Ndalahwa kwenye gunia, na mshika bango amegeuza shingo, anaona kila kitu, huku mdomo umejaa samaki. Bwana Keshokutwa anashuka kwenye jiwe lake. Anawapita wale watano bila kuwagusa, anamfikia wa sita, analishusha bango. Anamwambia: "Wale nawachukia tu. Wewe unanitia kinyaa."

Mkono ulioshika bango ulikuwa na kidole kilichopinda. Mkono wa yule mzee pia.

Nilimuuliza Odoyo kama kweli aliona.

"Niliona, dada Feli. Niliwashikia bango, wakanikatia sangara, nikala. Hadi leo nikisikia harufu ya sangara wa kukaanga, roho inanichafuka."

Mwaka mzima nimekunywa chai na mtu huyu, tumemsengenya Ngosha pamoja, kumbe amekaa na neno la kumwokoa mzee wa watu, analichorachora. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Alisema nakala ya kwanza itaenda kwa Ndalahwa, nami nikafunga duka nikafuatana naye, kwa sababu sikumwamini.

Tulimkuta Igoma amekaa juu ya gunia, nyundo mkononi. Odoyo akamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Odoyo alipomnyooshea kitabu, mzee alipangusa vumbi mikononi, akasoma polepole, akarudia ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwa mshika bango.

"Huyu ni wewe."

"Ni mimi, mzee."

"Na huyu mwenye mvi?"

"Na huyo ni mimi."

Ndalahwa alikikunja kitabu akamrudishia. "Amesafiri miaka yote hiyo kuja kusema kwenye karatasi," alisema. "Mwaloni ni hapo tu." Akaokota nyundo yake.

Kesho yake asubuhi mwaloni, mitumbwi ikishusha samaki, Odoyo alipanda juu ya kreti akasoma kitabu kizima kwa sauti. Mwanzoni Ngosha alikuwa anacheka. Hadithi ilipofika kwenye gunia, wanawake waliokuwa wakipara samaki waliweka visu chini. Ngosha akapaza sauti kwamba huo ni uzushi wa katuni, na kama kuna mtu aliona, ajitokeze.

Odoyo alinyoosha mkono wake wa kushoto juu, kidole kimepinda, akauacha hapo.