Mkataba wa Viti Ishirini na Viwili

Siku yangu ya kwanza ya ualimu nilifika darasani saa mbili kabla ya wanafunzi, na saa tatu kabla ya akili zangu. Ilikuwa Januari, hapa Saint Paul, Marekani, na baridi ya siku ile ingeweza kumgandisha mtu na uongo wake mdomoni. Nilivaa suti moja, sweta mbili, na soksi nisizotaka kuzihesabu. Kituo chenyewe, cha elimu ya watu wazima, nilikifahamu kama mfuko wa koti langu. Ndiko nilikomalizia sekondari, mtu mzima mwenye mvi, nikitoka kuwaogesha wazee kwenye makao yao mchana kutwa. Kisha nikasoma chuo jioni kwa jioni, majira ya baridi kumi na moja. Wenzangu hupewa digrii. Mimi yangu niliichimbua kwenye theluji kwa sepetu.

Mratibu wa kituo, yaani mtu anayepanga madarasa, walimu na hata kahawa, alikuwa mama mrefu sana. Akikusalimia ungedhani umeitwa kutoka ghorofani. Alinikabidhi kitabu cha historia, akagonga ukurasa mmoja kwa kidole.

"Mikataba na mataifa ya wenyeji," akasema. "Kitabu kimeipa ukurasa mmoja. Wewe usikubali, Mwakio."

Ninyi vijana mnaosoma haya, msidhani ni mkataba kama ule wa kupanga nyumba. Huu ni wa taifa na taifa, serikali ya Marekani na wenyeji wa asili wa nchi hii, kila kifungu chake huitwa ibara, na haujazeeka hata kidogo: ni sheria mpaka leo. Kituo chetu kilisimama juu ya nchi ya Wadakota. Kaskazini ni nchi za Waojibwe. Mingi ya mikataba hiyo ilihusu kuachia ardhi, na ilitiwa saini kwa kugusa kalamu: karani aliandika jina la mkuu, mkuu akagusa ncha ya juu ya kalamu, karani akachora alama ya mkasi, X. Katikati yao alisimama mkalimani. Huyo ndiye mtu wa kumchunga, kwa yale anayosema na zaidi kwa yale anayonyamazia.

Mimi nilijiona bingwa wa mambo hayo. Babu yangu kule Taita alibonyeza kidole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni ruhusa ya kupitisha barabara. Barabara ilipita kweli, halafu ikafuatwa na shamba la mkonge lisilokuwa na mwisho. Basi mwaka wangu wa pili kazini nikatunga somo ambalo, kwa hesabu zangu, lingenipa nishani.

Niliandika karatasi kwa Kiswahili. Ilisema kwamba wanafunzi wote wa chumba hiki wanaachia viti vyao, vyote ishirini na viwili, milele. Mbele ya darasa nikaifasiri kwa Kiingereza kitamu kama asali: eti tutakuwa marafiki na tutagawana chaki. Darasani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kunifichua, Kerubo, Mkisii, muuguzi msaidizi aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na sare yake. Huyo nilimkonyeza mapema anyamaze.

Wakapanga foleni kugusa kalamu, wakicheka. Wa mwisho alikuwa Marlene, mama wa Kiojibwe wa miaka hamsini na kitu kutoka Champlin. Alikuwa ameacha shule mara mbili. Safari hii alibakiza somo moja tu, hili langu, apate cheti cha sekondari, na kwa cheti hicho alikuwa ameahidiwa kazi kwenye chekechea inayofundisha watoto lugha yake. Aliishika kalamu, akaishusha. Akamgeukia Kerubo.

"Wewe unaijua lugha hii. Ndivyo inavyosema?"

Kerubo akanitazama mimi. Kwetu, mwanafunzi hamkosoi mwalimu mbele za watu, hasa mwalimu mwenye umri wa baba yake.

"Ndiyo," akasema.

Marlene akagusa kalamu.

Kipindi kilichofuata walikuta chumba kitupu. Viti nilikuwa nimevirundika koridoni mpaka karibu vitoboe dari. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Walionisikia walikuwa ng'ambo ya Mto Mississippi. Marlene hakucheka. Alisimama pale kiti chake kilipokuwa, akamwangalia Kerubo.

"Niliuliza," akasema.

Akachukua koti lake, akaondoka.

Wiki ya kwanza hakuja. Ya pili pia. Mratibu akaniita ofisini, na kwa mara ya kwanza aliketi kuongea nami, ili tuonane macho kwa macho. Alinieleza kwamba kanuni ni vipindi sita: ukivikosa, somo linafutwa unaanza upya, na yeye hakudhani Marlene angeanza upya mara ya nne. Nikajitetea kwamba somo lilikuwa zuri na kila mtu alielewa.

"Somo lilikuwa zuri," akasema. "Wewe ulimfundisha kitu ambacho watu wake wamekijua tangu zamani, tena ukamfundisha kwa kumtendea tena."

Nimepigwa na barafu, nimepigwa na maisha, lakini sentensi ile mpaka leo naipapasa.

Kwetu ukimkosea mtu huendi peke yako, wala huendi mikono mitupu. Nikamwomba Kerubo tuandamane. Ndani ya gari, mimi naendesha, yeye amekumbatia majani ya chai na pakiti mbili za sukari, alilia kidogo. "Ningekupinga aje mbele ya watu, Mwalimu? Nikitoka shifti nimechoka hivyo, mtu ananiuliza, na wewe umeshanikonyeza." Nikamwambia kosa ni langu lote. Akasema hapana, yeye ndiye aliyeulizwa.

Marlene alitufungulia. Akaitazama sukari, akatutazama sisi, akauliza kama tumekuja kuposa. Kerubo hakungoja nijikohoze. Akasema pale pale mlangoni kwamba karatasi haikusema urafiki wala chaki, ilisema viti, naye aliisoma akanyamaza. Marlene akatukaribisha ndani, akateleka maji.

Alitusimulia habari za baba yake. Alikamatwa ziwani na wavu wa samaki. Akamwambia askari wa wanyamapori kwamba mkataba wa mwaka 1837 unamruhusu, askari akacheka, wavu ukaenda. Miaka mingi baadaye Mahakama ya Juu ya nchi hii ikasema Waojibwe walikuwa sahihi. Baba hakuishi kuisikia siku hiyo. Marlene akaniuliza kama nimewahi kuisoma ibara ya tano ya mkataba huo. Nikakiri kwamba nilikuwa naishia ya kwanza, ile ya kuachia ardhi, maana ndiyo iliyonikumbusha babu.

"Ninyi nyote mnasoma tulichopoteza, halafu mnafunga kitabu," akasema. "Wazee wale hawakuwa wajinga. Anza na walichobakiza."

Nilimwomba aje alifundishe hilo darasani. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema kwao mtu akitaka elimu kwa mkubwa huleta tumbaku, siyo sukari. Jamani, bibi yangu alipenda ugoro kuliko wajukuu, na hakuna aliyemwomba ushauri bila kumpelekea. Jambo nililolijua tangu utotoni nililisahau kwa kudhani ni letu peke yetu. Nikatoka na gari mara moja, nikarudi na tumbaku, nikaomba upya. Akaipokea.

Alirudi kikiwa kimebaki kipindi kimoja kanuni imkate. Alisimama mbele, akaisoma ibara ya tano polepole: haki ya kuwinda, kuvua, na kukusanya mpunga wa mwituni katika mito na maziwa ya ardhi iliyoachiwa. Wanasheria huziita haki zilizobakizwa, yaani hukupewa na yeyote, ulikuwa nazo ukakataa kuzitoa. Cheti alikipata Juni. Siku ya mahafali nilipiga makofi mpaka mistari ya viganja ikafutika.

Nikahamishiwa Woodbury, kwenye chumba nyuma ya maduka. Baadaye Apple Valley, ambako Mkuu wa kituo aliniambia mikataba niipe dakika kumi. Nikamwuliza kama amewahi kusoma walichobakiza. Aliketi nyuma ya darasa akanisikiliza, na dakika kumi zikawa majuma matatu. Popote nilipokwenda Marlene alikuja kila mwaka kufundisha siku moja, na kila mwaka nilimpelekea tumbaku kwanza. Ile karatasi ya Kiswahili niliendelea kuitumia, ila sikumkonyeza mtu tena. Kabla ya kalamu tulitafuta msomaji wa pili, na asipopatikana, hatukusaini.

Mjukuu wangu nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini juzi aliniuliza kama babu yangu alibakiza kitu. Nikamwambia alibakiza chemchemi, na mpaka leo tunachota pale. Sikuwahi kulifikiria hivyo maisha yangu yote.

Siku ya kunistaafisha walikuja wengi. Mratibu alikuja na mkongojo, bado mrefu. Kerubo, sasa muuguzi kamili, alikaa safu ya mbele. Marlene akaja na kalamu na karatasi ya mistari mitatu kwa Kiojibwe.

"Inasema utatuletea chai kila Jumatatu mpaka ufe," akanifasiria. "Gusa kalamu, Mwalimu."

Nikauliza kama yupo mwingine anayeisoma lugha hii.

"Nilijua utauliza," akasema, akageukia mlango. Binamu yake, mwalimu wa lugha pale chekechea, akaingia, akaipokea karatasi, akaisoma mara mbili.

"Hakuna chai humu," akasema. "Inasema Mwalimu anaachia funguo, meza na ubao. Anabakiza kiti kimoja karibu na hita, muda wote darasa hili litakapokuwapo."

Nikagusa kalamu.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kukikalia. Nilibeba chai.