Msimu Mama Alipojifunza Kuweka Kodi

Taa za gari la zamani zilikuwa na harufu. Wajukuu wangu hawaniamini nikisema hivyo, maana taa za magari yao zinawaka nyeupe na baridi, hazinuki kitu. Lakini za kamyoneti ya baba yangu zikiwashwa jioni, kioo kilipata moto, na vumbi la barabara ya Rumonge lililogandia pale, na mawese yaliyoruka kutoka kwenye mapipa, na wadudu wa ziwani waliokuja kujigonga, vyote vilianza kuungua polepole. Ilikuwa kama harufu ya sufuria iliyosahauliwa motoni, na ndani yake kitu kama nywele zilizobabuka. Nilikuwa uani nachambua maharage, pua inaniambia baba amefika kabla sijasikia mlango ukifungwa. Kisha mvua za kwanza za mwaka mmoja zikaanza, baba akashikwa na homa, akafa, na harufu ile ikakoma. Kamyoneti ikabaki uani. Kuku wakaanza kupanda juu yake.

Mama yangu aliitwa Anastaziya. Tulikuwa watoto watatu: mimi Yuliya, mdogo wangu Skolastika, na Daniyeli aliyekuwa bado ananyonya. Matanga yalipokwisha, baba mkubwa Gerevazi, kaka yake baba, alikaa kwenye kiti cha marehemu, akanywa pombe ya ndizi aliyoletewa, akatazama uani. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alikuwa mtu wa kuona kitu kimekaa bure na kukosa usingizi. Akasema, "Anastaziya, gari bila shoferi ni banda la kuku. Mvua zikiisha nitarudi. Kama hakuna mwenye permi ya kuendesha ndani ya nyumba hii, naipeleka Makamba." Na mengine akayapanga papo hapo: mimi niende Bururi kwa shangazi Tereza, Skolastika aende kwake, mama abaki na mtoto mchanga mpaka akue. Kamyoneti ile ndiyo iliyokuwa inakusanya mawese ya watu wa Minago na Kigwena na kuyafikisha sokoni. Ikiondoka, na sisi tunatawanyika. Hata mimi, mtoto wa darasa la kwanza ambalo sikulimaliza, nilielewa.

Nilidhani mama atalia. Alikuwa amelia siku zile zote. Akamfunga Daniyeli mgongoni upya, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, mvua zikiisha utanikuta na permi." Baba mkubwa akacheka mpaka pombe ikampalia. Mwanamke shoferi, hapa kwetu, wakati ule! Hatukuwa tumemwona hata mmoja.

Kesho yake mama akaenda kwa mzee Rajabu. Huyo alikuwa mtu wa Ujiji, rafiki wa baba, fundi wa injini za maboti, naye aliwahi kuendesha malori kwao. Alikuwa na kasoro moja: kwao wanapita kushoto, sisi tunapita kulia, na akianza kupiga hadithi mkono wake ulirudi kwao. Mama alijifunza kuendesha huku akimrudisha mwalimu barabarani. Mambo ya gia na breki aliyapata upesi. Taa ndizo zilizomtesa. Usidhani zilikuwa kama hizi za leo. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitufe cha kuvuta: ukikivuta kidogo zinawaka taa ndogo, ukikivuta mpaka mwisho zinawaka kubwa. Lakini kuzishusha na kuzipandisha ilikuwa kazi ya mguu. Chini kabisa, kushoto kwa klachi, kulikuwa na kidude cha chuma kama kizibo cha chupa. Unakikanyaga, taa inatazama juu na kuona mbali. Unakikanyaga tena, inainama na kutazama karibu. Hakuna kitu kinachokuambia iko wapi, ila barabara yenyewe. Mzee Rajabu alimfundisha pekupeku. "Shemeji," alimwambia, "kitafute kwa dole gumba. Jicho liache huko mbele." Alimfundisha kwa maneno ya kwao: taa ya juu, taa ya chini. Kwamba hapa kwetu zinaitwa kwa Kifaransa, hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Bwana wa permi alikuja kutoka Bujumbura katikati ya mvua. Aliitwa Leonidasi, mtu mnene, mpole, mwenye koti lililombana makwapani. Alikuwa na desturi ya kungoja jua lianze kuzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ili aone mtu anavyotumia taa. Nusu ya soko ilikuja kutazama. Mama akawasha, akatoka vizuri, akazunguka, akarudi kuelekea kwetu. Lori likatokea mbele. Bwana Leonidasi akamwambia, "Mama, iko gari inakuja. Weka kodi."

Sasa, kodi ambayo mama aliijua ni ile ya soko. Mtu wa serikali akisema kodi, unaonyesha karatasi. Akasimamisha gari katikati ya barabara, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi iliyokunjwa, akamkabidhi. "Nimelipa, bwana. Angalia muhuri."

Lori lile likapita huku likipiga honi kama limeumwa na nyuki. Bwana Leonidasi akaitazama karatasi, akamtazama mama, akaanza kutikisika, na koti likaachia mshono. Alicheka bila ubaya, lakini alicheka sana. Akamweleza kuwa kodi ni taa ya chini, na fari ni ya juu, kila shoferi anajua hivyo kuanzia Kabezi mpaka Nyanza-Lac. Tena akamwambia asije kwake tena miguu mitupu, avae viatu. Atarudi, alisema, mvua zikikaribia kuisha. Soko lilikuwa limesikia yote. Kabla hatujafika nyumbani mama alikuwa amepata jina jipya: Mama Kodi. Wanawake wanaouza samaki wa mukeke walimwita hivyo asubuhi, vijana wa baiskeli walimwita hivyo mchana, na mmoja anaitwa Kasiyani alikuwa akimpita anamnyooshea jani la mgomba: "Mama Kodi, yangu hii hapa, gonga muhuri."

Mama hakugombana na mtu. Alilichukua lile neno na kulileta nyumbani kama mtu anayeleta mbuzi mkaidi, akalifunga hapo tulipo ili tulizoee. Mchuzi ukifurika aliniambia, "Yuliya, weka kodi," nikapunguza kuni. Skolastika akipiga kelele Daniyeli amelala, weka kodi. Nikimkazia macho mtu mzima kwa ujeuri, weka kodi, nikainamisha uso. Tukiitwa tukiwa mbali, fari, tukainua vichwa. Ndani ya majuma machache hapakuwa na kitu nyumbani kwetu kisichokuwa na kodi na fari. Na kila jioni, kabla giza halijaingia vizuri, alikaa uani kwenye kigoda, miguuni amevaa viatu vya baba vilivyojazwa vitambaa, mbele ya mguu wa kushoto amezika kizibo cha chupa kwenye udongo. Mimi nilikuwa gari. Wavuvi walitukopesha taa mbili za karabai kabla ya kwenda ziwani. Nilizishika moja kila mkono nikaja nazo kutoka kwenye migomba, mikono inataka kung'oka. Mama alipaswa kukanyaga kizibo mapema, nikiwa bado mbali, na kutamka kodi. Nikishapita, anakanyaga, fari. Akichelewa, nilikuwa na ruhusa ya kumwambia, "Umenipofusha, mama," na nilipenda sana ruhusa hiyo.

Siku alipotoka na gari lenyewe pamoja na mzee Rajabu, alikuwa amejifunza kuwa taa zinajibu taa. Kwa hiyo alipoona watu wanakuja kwa miguu kutoka ufukweni, wala hawana hata kibiriti, aliwaachia fari. Mimi nilikuwa katikati yao, na mbele yetu alikuwa Mama Feresita, jirani yetu, na beseni la ndagala kichwani. Mwanga ule ulitufuta. Sikuona mkono wangu. Mama Feresita akakanyaga hewa, akaingia mtaroni yeye na beseni lake, ndagala zikasambaa majanini. Gari likasimama. Kutoka mtaroni ikatoka sauti tulivu kabisa: "Anastaziya, umeshaniona mpaka mifupa, au bado unatafuta?" Mama akashuka mbio, anaomba radhi, wote wawili wanaokota samaki kwa magoti. Mama Feresita hakumaliza: "Mimi sina taa ya kukujibu, dada. Kwa hiyo mimi si mtu?" Tangu siku ile, mazoezi ya uani yakabadilika: safari moja nilikuja na taa, safari nyingine nilikuja bila kitu, na zote mbili alipaswa kukanyaga.

Mvua zikaanza kupungua. Bwana Leonidasi akarudi, na siku hiyohiyo baba mkubwa Gerevazi naye akafika kutoka Makamba, amekuja na kamba za kufungia mizigo yetu. Akaomba apande nyuma ya gari, aone mwenyewe. Bwana Leonidasi hakukataa. Mimi nilipanda naye, hakuna aliyenifukuza, kwa hiyo ninayosimulia hapa niliyaona. Mama alivaa vile viatu vya baba. Aliondoka taratibu kuelekea Magara, ziwa upande wa kushoto linazidi kuwa jeusi, akawasha taa mapema, akaambiwa kodi, akaweka, akaambiwa fari, akapandisha. Yote sawasawa. Kisha kwenye kona likatokea lori, fari zote juu, na shoferi wake hakushusha. Mama akaweka kodi. Lori likazidi kuja na jua lake usoni mwetu. Baba mkubwa akaanza kugonga paa la gari: "Mpige na yeye! Mpige na fari!" Mama hakumpiga. Niliona kupitia kidirisha cha nyuma jinsi alivyogeuza kichwa kidogo kulia, macho yakafuata ukingo wa barabara pale majani yanapoanzia, akapunguza mwendo mpaka tukawa kama tunatembea, na lile lori likapita kwa upepo na matusi.

Bwana Leonidasi akamwuliza kwa nini hakumrudishia. Mama alijibu bila kumtazama, mikono bado imeukaza usukani, volani yetu: "Nikimpofusha, atakuja kugonga wapi? Atanigonga mimi. Na mimi nina mtoto nyuma." Yule bwana akaitikia kwa kichwa, akaandika. Tuliporudi alimwambia apeleke picha mbili, permi yake itafika. Baba mkubwa alishuka, akajikung'uta vumbi, akasimama muda mrefu akiitazama kamyoneti upande mmoja na upande wa pili kama anayemuaga ng'ombe. "Basi ikae," alisema. Zile kamba alituachia. Tulizitumia kwa mapipa, mpaka zikakatika.

Mama aliendesha gari lile hadi likaoza, akanunua lingine. Baadaye tulikimbia, tukaishi Tanzania miaka mingi, tukarudi. Hayo ni masimulizi mengine. Leo mimi ni bibi wa watu wengi. Mjukuu wangu Belise ni mwalimu, ana gari dogo lake, na kando ya volani kuna kijiti cha kuzungusha. Amekizungusha kwenye neno auto na amekiacha hapo tangu alinunue. Giza likiingia taa zinawaka zenyewe. Lori likija mbele zinajishusha, likipita zinajipandisha, yeye mkono wake uko kwenye redio. Sisemi vibaya. Mama angelipenda gari hilo, angekiruhusu kidole gumba chake kipumzike.

Lakini majuzi tulikuwa tunarudi kutoka Bujumbura, mchana, mvua ikatushika karibu na Magara. Mvua nyeupe, ile inayoshuka kama pazia, huoni ziwa wala mlima. Nikaangalia mbele: taa zetu hazikuwaka. Nikamwambia Belise awashe. Akacheka, "Bibi, gari linajua lenyewe." Nikamwambia linajua giza, mvua haliijui, kwalo bado ni mchana, na huyo anayekuja mbele hatatuona. Hakutaka. Nikamwambia asimamishe, nishuke, niende kwa miguu. Ananijua, ningeshuka. Akazungusha kijiti kwa mkono wake, akaweka kodi. Hatukwenda hata mwendo wa kwenda kisimani, likatokea basi dogo upande wetu, linapita baiskeli, likaona taa zetu, likarudi upande wake. Belise akazima redio.

Mbele kidogo polisi alitusimamisha, koti lake linachuruzika. Alitazama ndani, akaniona mimi kikongwe, akamwona msichana kwenye volani, akauliza gari ni la nani. Belise akasema, "Ni langu," huku akimpa permi, wala hakugeuza shingo. Yule kijana akaangalia, akairudisha, akasema murakoze, yaani asante, akatupungia tupite. Nikatazama wiper zikifanya kazi. Maneno yale mawili, "ni langu," mama yangu aliyatafuta msimu mzima.