Kisima cha Msibani

Mgonjwa wa kwanza asubuhi ile aliletwa kwa bajaji kutoka Ngamiani, mwanamke mzima, anatapika na kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mimi ni muuguzi wa mapokezi ya dharura. Tukamlaza, tukamtundikia dripu. Haijafika nusu, akaingia mzee mmoja, naye hivyo hivyo, macho yamezama, vidole vimekunjamana. Nikamuuliza anatoka wapi. Ngamiani. Wa tatu naye akataja Ngamiani. Mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, anaishi huko huko.

Daktari wa zamu aliwahoji. Wote walikuwa kwenye msiba mmoja, wamekunywa maji ya kisima cha uani kwa sababu bomba lilikuwa halitoi. Akampigia ofisa wa afya anayepokea taarifa za dalili kutoka hospitali.

"Nadhani ni kipindupindu. Majibu ya maabara sina, lakini nikiyangoja nitaishiwa vitanda. Njooni mfunge kisima."

Akaahidiwa kwamba watakuja, ila gari liko Pangani.

Nikampigia mama mdogo. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena, katikati ya mgonjwa na mgonjwa, hadi akapokea.

"Shikamoo, mama. Uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niko msibani, tunapika. Mbona unahema?"

"Maji ya hicho kisima msinywe! Watu wanaugua. Waambie wayamwage."

Nilisikia sufuria zikigongana.

"Nitawaambiaje wafiwa kwamba maji yao yana maradhi? Na mimi nayanywa tangu jana."

"Mama, nakuomba."

"Haya. Nawaambia."

Aliwaambia. Jirani alinisimulia baadaye: alimwaga ndoo moja baada ya nyingine, wengine wakimwita mwendawazimu, kisha akaketi juu ya mfuniko wa kisima na kukataa kuondoka. Watu wa afya walipofika wakamwomba awapishe. Walidhani anakaidi. Kumbe hakuwa na nguvu za kuinuka.

Aliletwa kwangu jioni. Mishipa ilikuwa imesinyaa. Nilimchoma mkono huu, mkono ule, mguuni, sipati kitu. Alikuwa akinitazama tu, midomo imekauka. Daktari aliniondoa taratibu, akajaribu mwenyewe, akaupata mshipa. Dripu ikaingia, ikafuata nyingine, lakini figo zilikuwa zimeshindwa, mkojo haukutoka hata tone. Alifariki kesho yake mchana, nikiwa zamu.

Baada ya siku kadhaa yule ofisa wa afya alikuja kutushukuru. Alisema ugonjwa umegunduliwa mapema, haukuvuka mtaa ule, na kama tungesubiri maabara tungezika wengi. Nilijua anasema kweli. Nikaitikia kwa kichwa, nikaingia stoo ya dawa, nikafunga mlango na kulia mpaka nikaitwa kumpokea mgonjwa mwingine.